Mashine Iliyoitikia Salamu

Mume wangu Felisian ni fundi wa mashine za kubana bati, zile zisizotumia waya wa kuchomelea wala gesi. Zina vidole viwili vya shaba. Cha juu kinashushwa na upepo wa kompresa, kinabana bati mbili, umeme unapita katikati, bati zinashikana. Karakana anayofanyia kazi, hapa Milanzi, inatengeneza vihenge vya mahindi. Yeye ndiye anayeitunza mashine: anasugua ncha za shaba, anazibua mipira ya maji ya kupoozea, anakaza nati. Kabla ya kuigusa anazima umeme, kisha anatoa upepo wote. Husema, "Umeme ukilala, upepo bado uko macho." Vidole vyake vyote anavyo, Mungu ashukuriwe.

Ilikuwa majira ya baridi, ukungu ukichelewa kuinuka, ndipo mashine ilipoanza kumwitikia Bibi Scola.

Bibi Scola ni mjane wa mtaani kwetu, anauza karanga. Ni Mfipa wa zamani, hasalimii amesimama. Siku hiyo alifika mlangoni, akapiga magoti pembeni, juu ya gunia, asizibe njia. Akaanza kusalimia huku akipiga makofi taratibu. Na mashine, isiyo na mtu, ikashusha kidole. Ko! Cheche ya buluu. Akapiga tena. Ikaitika tena.

"Bibi, kumbe una mjukuu humu ndani!" alisema Kashinje, kijana wa Kisukuma anayeiendesha. Watu wakacheka.

Baadaye hawakucheka. Kashinje alikuwa anapanga bati chini ya kidole, Bibi akasalimia mlangoni, shaba ikashuka ikatoboa ncha ya glovu. Kidole chake kiliponea chupuchupu.

"Huyu bibi ananitaka mimi," Kashinje alisema, akiivua glovu.

Frank, mwenye karakana, mtu wa Mbeya, akakumbusha radi iliyoua ng'ombe kule Malangali, karibu na shamba la Bibi. Hakuongeza neno, wala hakukuwa na haja. Hata kwenye sala za jumuiya watu walihama benchi alilokalia. Ikaamuliwa atafutiwe gari arudi Kabwe kwa ndugu zake, na sote tulijua nyumba ya mtu aliyeondolewa hivyo haikai na paa lake.

Felisian aliifungua mashine yote. Valvu nzima. Swichi nzima. Pedali ya mguu nzima. Akiwa peke yake nayo haikushuka hata mara moja.

"Mama Yonas," aliniambia, "nimetafuta mpaka nimeanza kuogopa. Labda kweli inamsubiri."

"Usiseme hivyo. Mungu hakuumba bati lenye masikio."

"Bati, hapana," akajibu.

Kesho yake mchana nilimpelekea ugali. Wenzake walikuwa wametoka kula. Mashine ilikuwa imewashwa, anaisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nikachukua birika, nikapiga magoti pale mlangoni, juu ya lile gunia, nimnawishe.

Ko!

Felisian hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, akarudi nyuma. Miaka yote ya ndoa, na kwa muda wa kumeza mate tu nilikuwa mgeni kwake. Na mimi, Bwana anisamehe, niliitazama mikono yangu vilevile. Nikajiuliza kama mtu anaweza kuwa nacho kitu hicho bila kujua.

"Usinyanyuke," akasema, sauti kavu. "Sogeza goti."

Nikasogeza. Ko!

Ndipo alipozima umeme, akatoa upepo, akavuta gunia kutoka chini yangu. Palipita waya mwembamba wa pedali, ganda limelika, nyuzi zake mbili ziko uchi. Goti likizikandamiza, au likitikisika kwa makofi, zinagusana, mashine inadhani imekanyagwa. Wengine wote huingia wima, "mambo", "poa", wakapita. Siku hizi nani anapiga magoti?

Aliweka waya mpya, akaupitisha juu ukutani. Frank akataka kila mtu aone kwa macho yake, Bibi Scola akaitwa.

Alipiga magoti palepale. Akapiga makofi, akasalimia. Karakana nzima iligeukia mashine. Kidole cha shaba kilikaa juu, hakikutikisika. Akasalimia mara ya pili. Tuliendelea kuitazama, na hakuna mwenye kinywa aliyemjibu.

Bibi akashika mwimo wa mlango, akainuka polepole.

"Afadhali ile," akasema. "Yenyewe ilikuwa inaitika."

Felisian akaweka spana chini, akaenda kupiga magoti mbele yake. Kashinje naye akafuata, kichwa chini, akasema, "Shikamoo Bibi. Nisamehe. Huendi Kabwe, Bibi."



"Marahaba," Bibi akasema. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mashine, na mikono yake ameificha ndani ya kitenge.