Mikanda ya Alumini na Mguu wa Mama

Mvua ya kwetu haina adabu. Asubuhi jua linawaka unadhani dunia imetulia, saa nane mawingu yanafunga juu ya mashamba ya chai, na saa tisa barabara yetu ya kwenda Mogogosiek ni uji mtupu. Baba yangu analijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana gari lake halitoki nje. Usifikiri limeharibika. Injini ni nzima, magurudumu ni mazuri. Halitoki kwa sababu ya urembo!

Gari lenyewe lilikuwa la meneja wa shamba kubwa la chai. Baba alikuwa dereva wake mpaka alipostaafu, na meneja alipohama akamwachia. Ni gari la zamani, jeusi, lenye mikanda ya alumini kuzunguka madirisha na taa, na mmoja mrefu umepita katikati ya milango kila upande. Imesuguliwa mpaka unaweza kujitazama ukichana nywele. Kila Jumamosi baba huiosha kwa sabuni laini, akaikausha kwa fulana kuukuu, akapaka polishi na kusugua taratibu mpaka kitambaa kigeuke cheusi, kisha akapaka nta. Juu ya nta anapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, eti maji yateleze. Halafu, sikiliza maajabu, anaifunga mikanda yote kwa ile nailoni ya ndani ya magunia ya mbolea. Nailoni anaiosha kwanza, kwa sababu chumvi ya mbolea hula alumini. Haya aliyajua kazini na sibishani naye. Sijui tu kama kuna kingine alichowahi kukitunza hivyo hapa nyumbani.

Maana mama ana sukari. Wakati wa kupogoa chai alikanyaga kisiki kilichochongoka, kikatoboa kandambili kikaingia kwenye wayo. Kidonda kikakataa kupona. Hospitali ikampangia kliniki kila Jumanne alasiri, kisafishwe na kufungwa upya, na daktari akatuambia mimi nikiwa nimekaa palepale: kidonda kisiguse maji machafu, la sivyo mguu utakatwa. Hakuzunguka.

Nilimpelekea baba habari hizo. Akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa. "Pole sana, mama watoto," akamwambia mama. Jumanne ikafika, mvua ikafika, na gari likabaki bandani.

"Hii mvua ni ya mawe," akasema. "Itapiga mikanda. Na hayo matope yako na mchanga, yanakwaruza. Iteni boda."

Mimi nina duka la nguo sokoni. Kila Jumanne nililifunga mchana nikaja kumchukua mama, yeye akapanda boda yake, mimi nikafuata na nyingine. Na mguu aliufunga kwa nini? Kwa vipande vya nailoni vilivyobaki baba alipomaliza kulifunga gari. Mabaki! Gari lilivalishwa nailoni ndefu zisizo na tundu, mama akaokota vipande chini, akaviunganisha kwa kamba ya katani. Meneja alikuwa akiingia gari lile na buti zenye tope la shambani, baba akimfungulia mlango. Mke wake wa ndoa akae nyuma ya pikipiki na mguu unaooza, ati mikanda isikwaruzwe!

Nilimwuliza mama mbona hasemi kitu.

"Mwache," akasema. "Hiyo gari ndiyo kitu peke yake alirudi nayo kutoka huko."

Alikuwa akimtetea. Mimi sikumtetea wakati ule na simtetei sasa.

Kuna Jumanne boda yake iliteleza kwenye kona ya banda la kupimia chai. Haikuanguka kabisa, lakini mama alitua na mguu uleule kwenye mtaro, maji mekundu mpaka kifundoni. Tulipofika hospitali muuguzi alifungua nailoni, maji yakamwagika sakafuni. Akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Kwani kwenu hakuna mtu ana gari?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ningesema nini? Kwamba lipo, lakini limevaa? Daktari akabonyeza nyama kando ya kidonda, akakunja uso. Akasema atajaribu dawa nyingine, lakini kikilowa tena hana la kufanya, watakata juu ya kifundo. Jioni hiyo nilimrudia baba na maneno hayo, neno kwa neno. Akatikisa kichwa tena. Akasema pole tena.

Jumanne iliyofuata mvua ilianza asubuhi. Nilipofika nyumbani barabara ilikuwa imeshakwisha, boda zenyewe zinasukumwa. Sikuingia hata ndani. Nilienda moja kwa moja bandani, nikamkuta baba amesimama mbele ya gari, mkono mmoja mfukoni mwa koti.

"Baba, leta funguo."

"Mvua ikipungua."

"Unaiona ikipungua?"

"Nimesema ikipungua. Wewe hujui kazi ya kurudisha huo mng'aro."

"Na wewe unajua kazi ya kurudisha mguu?"

Alikaza mkono ule mfukoni, nikasikia funguo zikilia. Haki ya Mungu, kama si baba yangu ningemkunja shati. Nilipiga kelele mpaka jirani akatokea kwenye ua wake. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi. Aliyapokea yote macho ameyaelekeza kwenye mvua, na hakusogea hata hatua.

Ndipo mama akatokea jikoni. Jiko limeshikana na banda, kwa hivyo alipita chini ya paa bila kulowa, na fimbo yake, polepole. Mkono wa pili alikuwa amebeba kopo la majivu na ule waya wa kusugulia sufuria. Nilidhani amechoka na kelele zetu ameamua kuosha vyombo. Sufuria za mama zinajulikana kijiji kizima, zimepangwa ukutani zinawaka.

Hakututazama. Alienda mlango wa nyuma wa gari, akashika nailoni akaivuta ikatoka yote kwa mkupuo. Akaloweka waya kwenye matone ya paa, akauchovya kwenye majivu, akainama juu ya mkanda wa alumini akasugua kwa nguvu zake zote.

Baba alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ng'ombe wake wa maziwa alipokufa.

"Mama watoto! Umerogwa? Hiyo ni alumini!"

"Hata sufuria ni alumini," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Na mimi huzisugua hivi kila siku."

"Unaiharibu!"

"Naifanya sufuria. Sufuria haiogopi mvua. Nikimaliza huu mlango nitaenda ule, halafu taa. Majivu iko mingi."

Akauchovya waya tena.

Funguo zilitoka mfukoni. Zilitoka haraka hivyo! Baba aliwasha gari, na mama akaketi kiti cha nyuma alichokuwa akikalia meneja, mguu umezungushiwa ile nailoni ndefu aliyoivuta mlangoni. Matope yaliruka mpaka kwenye vioo. Mguu ulifika hospitali mkavu, na ukafika mkavu kila Jumanne baada ya hapo.

Mama anao mguu wake mpaka leo. Watu huniambia nishukuru, nisahau. Nisahau nini? Baba aliambiwa mguu utakatwa, hakutoa funguo. Mguu ukaingia mtaroni, hakutoa funguo. Alizitoa aliposikia waya ukigusa alumini. Hilo sijalimeza, na msiniambie nilimeze.

Ule mkanda wa mlango wa nyuma umebaki na ukungu. Baba huusugua Jumamosi na polishi zake zote, haurudi. Kliniki siku hizi ni mara moja kwa mwezi. Siku hiyo mvua ikianza, mama haombi gari wala hamwiti mtu. Huchukua lile kopo la majivu, akaliweka juu ya ukuta wa veranda, akakaa kando yake mpaka asikie injini.