Hesabu ya Kidimbwi cha Chepkurui

Chepkurui wa Sotik ana kidimbwi kimoja nyuma ya shamba lake la chai. Tilapia humo huzaana ovyo, ndiyo maana alitia kambare wa kuwapunguza. Kila Jumamosi hupanga maharagwe mezani yawe tilapia, mahindi yawe kambare, apige hesabu ya nani atamla nani.

Mwezi huu hesabu ilikataa. Waliopotea ni tilapia wakubwa, ambao kambare wake wadogo hawawezi kuwameza. Akawatukana kambare bure.

Jana aliingia jikoni kwa mama mkwe, ambaye, kama wazee wengi wa huko, aliapa hatatia mdomoni samaki, huyo nyoka wa maji.

“Ni kuku tu,” alisema mama, akichokonoa mwiba kwenye meno.

Chepkurui alirudi mezani, akaweka njugu moja kubwa katikati ya maharagwe. Hesabu ikakubali.