Ndoo ya Maji Mekundu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa. Tulikaa Kariakoo, kwenye nyumba za udongo na makuti. Mwingereza alikuwa keshaishika nchi, lakini majumba makubwa ya Uzunguni bado tukiyaita ya Mdachi, na mojawapo lilikuwa benki. Sisi wa Kariakoo tulilipita kwa mbali tu. Nani kwetu alikuwa na shughuli ya kuingia benki?

Mume wangu, Salumu, alikuwa fundi rangi. Kazi ya kulipaka rangi jengo lile alitafutiwa na jirani yetu Mzee Kondo, bawabu wa mlango wa benki. Mtu mpole yule, wallahi! Mkewe akipika kitu cha maana, sahani moja lazima ije kwetu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuwa akimwita kaka.

Sasa, miaka ile mji mzima ulikuwa na hofu ya mumiani. Cheka tu, sisi hatukucheka. Ilisemwa kuna watu wanatumwa na Wazungu kukamata wenzao, wanawatoa damu, damu inakwenda kutengenezewa dawa. Nani kawaona? Hakuna. Lakini bombani, sokoni, msibani, habari ilikuwa hiyo hiyo, na kila anayeisimulia anaapa. Ikafika wanawake wa bombani wakaanza kumwandama Bi Mwanahawa: "Mwanao anafanya kazi chini ya ardhi, kwenye chumba cha mlango wa chuma? Hee! Na wewe umekubali?" Basi usingizi ukampaa. Alizaa watoto wengi yule mama, na Salumu ndiye pekee aliyebaki hai.

Mchana mmoja akaniambia, "Funga chakula. Leo nakwenda kumwona mwanangu kwa macho yangu."

Tukavuka Mnazi Mmoja na jua lile, mimi na bakuli la wali kichwani, yeye mbele anakaza mwendo. Mlangoni tukamkuta Mzee Kondo. Makarani walikuwa wamekwenda kula, benki imefungwa.

"Shikamoo, Mzee Kondo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmemletea fundi chakula? Yuko chini. Haya, piteni mwone kazi ya mumeo."

Tukavua viatu mlangoni. Alicheka yule mzee mpaka akashika ubavu. "Vaeni, dada, si msikiti huu!" Lakini Bi Mwanahawa hakuvaa. Tukaingia peku, na sakafu ilikuwa ya baridi kama maji ya mtungini. Lo! Nguzo hizo, mtu huwezi kuzikumbatia. Dari liko juu huko, ukikohoa unasikia kama mwingine amekujibu. Mimi nilikuwa nimepumbaa, naangalia vizuizi vya shaba vya mbele ya meza za makarani vinavyong'aa. Mwenzangu hakuangalia chochote ila ngazi za kwenda chini. Mzee Kondo akasema, "Ngojeni nimwite." Akashuka.

Akakawia kidogo. Kuta zile nene hazikupitisha hata sauti. Mara tukamwona anapanda, peke yake, mkononi ameshika ndoo. Ndani ya ndoo maji mekundu, na mikono yake miekundu mpaka kwenye viwiko.

Mwanangu, Bi Mwanahawa alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena. "Mumiani! Wamemuua Salumu wangu!" Akatimka nje. Bakuli likaniponyoka, wali wote chini.

"Ana nini dada yangu?" Mzee Kondo akaniuliza. Aliniuliza hivyo hivyo, kwa mshangao, ndoo bado mkononi. Macho yangu yalikuwa kwenye ile mikono tu. Akaitua ndoo, akatoka kumfuata amtulize, na mikono yake ile ile.

Huko nje kulikuwa na wapagazi wanatoka bandarini. Walichosikia ni mumiani, na walichoona ni mtu wa mikono miekundu anatoka benki. Hakuna aliyeuliza. Niliona kwa macho yangu fimbo ya kwanza, kisha ya pili, kisha sikuona tena mtu, niliona migongo tu. Hapo ndipo nilipogutuka. Nikazikimbilia ngazi nikaita, "Salumu! Salumu wee!"

Akatoka chini anakimbia, brashi mkononi. Mzima! Alikuwa anapaka sakafu rangi nyekundu, ile ya nyumba nyingi hapa mjini, na mzee wa watu alikuwa amemwonea huruma tu, akamsaidia kuosha brashi, kisha akambebea maji yale akayamwage.

Akapitiliza mpaka nje. "Mama! Niko hapa! Mwacheni!"

Wakamwacha. Toba! Mzee Kondo alikuwa amekaa kwenye ngazi za benki, damu inamtoka jichoni. Hakuwatazama wapagazi. Alimtazama mama mkwe wangu, akamwambia polepole, "Dada, ungeniuliza tu."

Jicho lile halikuona tena. Wakubwa wa benki wakamfukuza kazi, eti ameleta fujo mlangoni. Bi Mwanahawa alikwenda kumpigia magoti, naye akamsamehe, akamwinua mwenyewe. Lakini yule mama hakuwahi tena kumwita kaka. Alisema neno hilo linamkwama.

Kila mtu mjini alitafuta damu katika jengo lile, mwanangu. Mimi nimeingia, na damu niliyoiona ni ya mtu aliyetufungulia mlango.

Sikukatazi kuogopa. Wazungu wale walitufanyia mengi, hofu yetu haikuzuka hivi hivi. Na mama aliyezika watoto simlaumu kwa kutetemeka. Lakini ukisikia jambo baya juu ya mtu unayekula naye, nenda kwake kwanza. Simama mbele yake umuulize, hata kama sauti inatetemeka, hata kama utaonekana mjinga. Kuuliza kungemchukua Bi Mwanahawa kiasi cha kuvuta pumzi. Watu wakishakusanyika, hata ukisema umekosea, fimbo zimeshatua.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuepushe na midomo ya watu, na watu awaepushe na mdomo wako. Jirani yako akusikie unabisha hodi, asikusikie unapiga ukelele. Amina.