Kombe la Dada Zuhura

Harufu ya zafarani na marashi ya waridi ikinipitia, hata iwe harusini, mimi huinamisha macho. Nisikufiche, hiyo ndiyo harufu ya wizi wangu.

Tulikuwa Faza. Dada yangu Zuhura alikuwa darasa la tatu, mimi la kwanza. Kila alasiri tulikaa kwenye ngazi za nyumba akanisomea kitabu chake chote, mara afanye sauti ya fisi, mara ya sungura, nami nikicheka mpaka nashika mbavu. Lakini shuleni, mwalimu akimsimamisha asome, naye mwalimu ameshika fimbo, Zuhura hatoi neno. Husimama tu, anasokota ncha ya mtandio. Watoto wakamwita Bi Bubu.

Mama akaenda kwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akaandikiwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, Zuhura anywe yale maji asubuhi kabla ya chai, akili ifunguke. Kumbe nami nilitaka kufunguka. Alfajiri nilikunywa karibu lote, nikajazia maji ya mtungi.

Wiki ile mimi nikasifiwa kwa hesabu, yeye akasimama tena kama kigingi. Basi nikajua: akili ya dada imo tumboni mwangu.

Muhula ulipokwisha, baba alituita. Shangazi yetu wa Kizingitini alikuwa ametaka mtoto wa kumfunza kushona kofia. Baba hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu.

"Mwana huyu kitwa chake hakishiki," alimwambia mama. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye wacheza naye. Umewahi kumsikia akisoma?"

Zuhura aliniangalia. Nikawaza, nikisema ndiyo nitaulizwa na mengine, na habari ya kombe itatoka. Nikatikisa kichwa.

Jumamosi akapelekwa kwa shangazi. Shule ikaishia hapo.

Sasa nasaidia darasa la chekechea. Mwaka jana tuliitwa semina, bibi mmoja akatueleza habari za ubongo. Alisema mtoto akishikwa na hofu, ubongo hushughulika kujiokoa, na hata analolijua humpotea. Fimbo kuionyesha tu yatosha. Mwacheni asome kwanza kwa mwenziwe, akasema, mahali anapoweza kucheka. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinishinda.

Nikapanda pikipiki hadi Kizingitini. Nilimkuta Zuhura akishona kofia ya maua magumu, bila mfano mbele yake, ua zima liko kichwani. Nikamweleza ya kombe na ya ubongo. Ya kombe yalimchekesha.

"Ala! Kumbe mie nalikunywa mtungi." Kisha akauliza, taratibu, "Na siku ile baba akikuuliza, ulikuwa wajua kuwa nasoma?"

"Nalijua."

Akakata uzi kwa meno, akatunga mwingine, akaendelea kushona.

Miaka yote nilijilaumu kwa kumeza akili ya dada. Semina iliniondolea kosa hilo, ikaniachia la kweli. Hofu ilimfunga Zuhura, akapotewa na alichokijua. Mimi hofu yangu haikunisahaulisha kitu. Pale mbele ya baba nilikumbuka kila ukurasa alionisomea, na sauti zake zote.