Mfalme Mwenye Nywele Ndefu

Tangu mke wangu afariki, sina wa kumweleza habari za sarafu zangu: vipande vidogo, adimu, vya madini ya fedha, vya makoloni ya Hispania. Juzi sokoni Mugumu nikaona kimoja shingoni mwa Mama Bhoke, muuza dagaa. Furaha ikanizidi. Nikaeleza taratibu, watu wakakusanyika: tundu lilitobolewa baadaye ili kivaliwe; huyu ni mfalme, na nywele ndefu zilikuwa fahari ya wafalme wao.

Mama Bhoke akaniacha nimalize.

“Mwalimu Rashidi, hizo si nywele, ni mtandio. Huyo ni Bikira Maria. Nilipewa siku ya kipaimara.”

Soko zima likacheka. Yeye akanisogezea kigoda.

“Lakini endelea, baba. Unaeleza vizuri.”