Saa Inayokula Hewa

Mjomba wangu alistaafu ufundi kwenye kiwanda cha sukari huko Turiani, akarudi kwao Kinole na sanduku la vyuma na moyo mbovu. Moyo huo ndio uliotusumbua sisi. Yeye alisumbuliwa na saa.

Alikuwa amesikia kwamba zamani huko Ulaya mafundi walitengeneza saa isiyotiwa ufunguo wala betri. Ilijipatia nguvu kutoka hewani. Mvua ikikaribia, hewa inakuwa nyepesi. Kukitakata, inakuwa nzito. Na kule kubadilika ndiko kulikokaza springi. Nilimtafutia habari zake kwenye simu, nikamsomea, nikidhani nampa burudani ya uzeeni. Laiti ningemnunulia redio.

Alichomelea makopo bapa ya bati hadi yakawa hayapitishi pumzi, akayapanga kama chapati, akayaunganisha na mtambo wa saa kuukuu ya mezani. Hewa ikiwa nzito makopo yangebonyea, ikiwa nyepesi yangefura, na vyovyote vile gurudumu lingesogea. Lilisogea, ni kweli. Lilisogea kama karani siku ya Ijumaa alasiri, kisha likapumzika. Saa haikutembea hata dakika moja.

Daktari mjini alikuwa ameshasema mjomba asikae mbali na hospitali. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye ukoo, na sisi wapwa ndio wenye mjomba, kwa hiyo kazi ya kumshusha ikawa yangu. Nilipanda Kinole kila nilipopata nafasi, nikamsifia chumba nilichomwandalia Morogoro: dirisha kubwa, kitanda kipya, choo cha ndani.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba, mpwa wangu. Saa ikitembea, nitashuka."

"Na isipotembea?"

"Itatembea. Ngoja mvua."

Mvua za vuli zikaja, masika yakaja, na Kinole haijui kunyesha kidogo. Makopo yalikaa kimya. Baadaye nikasoma kwenye simu ileile kwamba hewa ya nchi zetu za joto haina makeke. Kule Ulaya dhoruba hupandisha na kushusha uzito wa hewa mpaka saa inashiba. Kwetu inaweza kunyesha hadi migomba ikang'oka, na hewa isishtuke. Nilimweleza. Akasema hewa ya Kinole haisomi simu.

Alikutwa asubuhi, ameegemea meza mbele ya makopo yake, ameshaondoka. Nilikuwa na hasira kuliko huzuni, na msiba si mahali pa kumwambia mtu jambo kama hilo.

Akaja mtani wa ukoo wetu, bibi muuza mdalasini, akafanya kazi yake ya kuchekesha wafiwa. Alivaa kofia ya marehemu, akajaza pumzi mashavuni, akachechemea mbele ya waombolezaji.

"Mimi ndiyo saa! Nimekula hewa, nimevimbiwa! Sitembei mpaka mnibembeleze!"

Watu walicheka mpaka shehe akageuza uso. Kisha bibi akaikumbatia saa yenyewe, akagoma kuiachia mpaka apewe kitu. Hiyo ni haki ya mtani, huruhusiwi kununa. Nikavua kanga niliyojitanda, nikampa.

"Haya, chukua, mtani," akasema. "Ikusumbue kama alivyokusumbua mwenyewe."

Niliifunga saa ndani ya kapu, nikapanda bodaboda kuelekea Mkuyuni. Tulikuwa tumeshateremka sana kapu lilipoanza kulia mapajani mwangu, ka, ka, kopo moja baada ya jingine. Dereva akauliza kama nimebeba kuku. Nikamwambia asimame, nikafunua kapu kando ya barabara. Makopo yalikuwa yamebonyea, springi imekaza, na mshale wa saa ulikuwa unatembea taratibu, bila aibu yoyote.

Hewa ya bondeni ni nzito kuliko ya mlimani. Hata mtoto wa shule anafundishwa hivyo, na sisi watu wazima wawili, na simu yetu, hatukuwaza. Mvua zote zile zilishindwa, mteremko mmoja ukaweza. Angekubali kupanda pikipiki na saa yake siku yoyote kati ya zile nilizomfuata, ingetembea mikononi mwake kabla hatujafika Mkuyuni.

Nilimgombeza mjomba pale barabarani, kwa sauti, kama vile ananisikia. Kisha nikalia. Dereva alizima pikipiki, akavua helmeti, akasubiri.