Machano na Mwanaidi Wake

Mimi ni mwanamke mwenye wivu na sijawahi kuuficha. Wengine wana pumu, wengine wana kisukari, mimi nina wivu, na Machano alinioa akijua. Asichokijua ni kwamba wivu wake yeye ulikuwa mkubwa kuliko wangu, ila ulikuwa umelala tu, haujapata wa kuuamsha.

Machano ni fundi redio. Duka letu lilikuwa Greyville, mjini Durban, chumba kimoja chini ya ghorofa, yeye upande wa kushoto na redio zake zilizofumuliwa matumbo, mimi upande wa kulia na cherehani yangu. Nje ya mlango tuliweka benchi. Kila Jumamosi jioni Machano aliitafuta Redio Tanzania kwenye masafa mafupi, ikija inapotea, ikipotea inakuja, na watu walikaa pale kusubiri matokeo ya mpira wa nyumbani. Matokeo yakishajulikana, au yasipojulikana kabisa, walibaki kubishana.

Wakubwa wa ubishi walikuwa watatu. Mume wangu, Yanga wa kuzaliwa. Gadiel, Mchaga mmoja aliyefanya kazi ghala la vitambaa kule Isipingo, Simba mpaka kwenye mifupa. Na Pacifique, Mkongomani wa duka la simu la jirani, ambaye timu zote mbili aliziona takataka ila alizipenda kelele zake. Mazungumzo yao yalikuwa hayo hayo: wakimaliza timu wanahamia kwa wanamuziki wa zamani. Nani kafa, nani sauti imemkauka, nani siku hizi anapiga kanisani.

"Yanga yenu ni kama zile bendi zenu," Gadiel alikuwa akisema. "Jina kubwa, magoti hakuna."

"Jina kubwa haliuzwi sokoni," Machano alimjibu. "Nitajie bendi moja ya siku hizi itakayokumbukwa mwakani."

"Kwetu musicien hazeeki," Pacifique alidakia. "Anapaka tu nywele rangi, voilà."

Hapo ndipo mume wangu alipoinuka taratibu, kama imamu anayekwenda kuhutubia, akafungua droo na kutoa kaseti. Ilikuwa ya Kiluvya Jazz, bendi ya Dar es Salaam iliyokwisha kufa. Wimbo wa kwanza aliupeleka mbele mpaka pale magitaa yanapochanganya, akaongeza sauti. Na ndani ya magitaa, mwimbaji akaita: "Machano! Machano mtoto wa Kariakoo, na Mwanaidi wake!"

"Mwasikia?" Machano alisema. "Huyo ni mimi. Mwaka sabini na tisa."

Benchi zima likapiga makofi. Hata Gadiel alipiga, maana utabishana vipi na mtu ambaye jina lake limo ndani ya wimbo? Durban nzima hakukuwa na Mtanzania mwingine mwenye heshima hiyo. Wengine wana magari. Mume wangu alikuwa na jina.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nashona. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie, na nilisikia. Miaka kumi na minne ya ndoa, tumehama nchi, tumezaa, tumezika, na kila Jumamosi mume wangu anaitwa hadharani pamoja na mwanamke mwingine. "Na Mwanaidi wake." Wake! Siku za mwanzo nilimuuliza, huyo Mwanaidi ni nani? Akatabasamu. "Mambo ya ujana hayo, Amne." Bora angenipiga kibao kuliko tabasamu lile. Nilimjenga Mwanaidi kichwani kidogo kidogo, nikampa shingo ndefu, nikampa mwanya, nikampa mwendo. Nikiungua kidole jikoni ni yeye. Machano akinyamaza sana, anamuwaza yeye. Mara moja alikuja mteja kutoka Overport, mama wa watu mpole, nikamuuliza jina niliandike kwenye kikaratasi cha nguo, akasema Mwanaidi. Nilimpindia suruali mguu mmoja mfupi. Mungu anisamehe, lakini nilisikia raha.

Sasa mwaka wa tisini na nane Yanga wakapangwa kundi moja na Manning Rangers, timu ya hapa hapa Durban, kwenye klabu bingwa ya Afrika. Mume wangu hakulala wiki nzima. Timu yake inamfuata mpaka mlangoni! Nilimshonea fulana ya kijani na njano kwa mabaki ya vitambaa, wakaenda uwanjani benchi zima. Mabao siyataji, nina huruma. Nitasema tu kwamba waliporudi, Gadiel alikuwa anaimba njia nzima na Machano alikuwa amevaa koti juu ya fulana, limefungwa vifungo vyote.

Kesho yake Pacifique akaja na mgeni wa kuwafariji wafiwa, alivyosema mwenyewe. Mzee mwembamba, suti kuukuu iliyopigwa pasi, vidole virefu vilivyoanza kupinda. "Huyu ni Papa Gustave," Pacifique alisema. "Analinda magari huku Point. Lakini zamani alipiga gitaa Dar es Salaam. Iko na orchestre moja munaipenda hapa. Kiluvya Jazz."

Benchi lililipuka. Wakamkalisha katikati, wakamletea soda, wakamuuliza habari za wanamuziki wote ambao kila Jumamosi waliwaua na kuwafufua. Na mzee alijua. Huyu yuko hai, anauza kuku. Yule haoni tena, lakini ukimpa gitaa anapiga. Alieleza polepole, bila kujisifu, na watu wakamsogelea mpaka mume wangu akabaki peke yake mlangoni na bisibisi mkononi.

Nilimtazama. Hapo ndipo nilipouona wivu wa Machano ukifungua macho. Naujua ule, ni ndugu yangu.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Kaseti haikutoka tena kwenye droo. Gustave akifika, Machano anakumbuka redio ya haraka. Mzee alileta amplifaya yake ndogo iliyokufa, akaomba kwa adabu itazamwe, maana alitaka kupiga tena kidogo kabla vidole havijagoma kabisa. Machano aliigeuza mara moja tu. "Spea yake haipatikani." Uongo mtupu! Mimi si fundi, lakini nimeishi na fundi, najua anavyoikagua mashine anayotaka ipone. Na mzee akiondoka, Machano anaanza: vidole vimekufa vile, kila Mkongomani mzee anasema alipiga bendi, suti yenyewe ya maiti.

Mimi nilikuwa na moto wangu. Huyu mzee alikuwepo. Huyu anamjua Mwanaidi.

Jumanne moja Machano alikwenda mjini kutafuta spea, na Papa Gustave akaja na koti lililochanika kwapa. Nililichukua, nikalishika, sikushona.

"Mzee," nikamwambia, "kwenye ule wimbo wenu anaitwa Machano na Mwanaidi wake. Huyo mwanamke alikuwaje?"

"Maman Amne, unataka kujua kweli?"

"Nataka."

"Bon. Ile majina haikukuwa ya mapenzi. Sisi tunaita libanga. Mutu anasaidia orchestre, orchestre inamwita ndani ya wimbo. Ni vile tu. Machano ule alikuwa patron wa mbao pale Kariakoo, tumbo iko hapa." Akapima kwa mikono. "Yanga sana. Alitununulia ampli ya kwanza. Mwanaidi alikuwa bibi yake ya pili."

"Na mume wangu?"

"Bwana yako mi nilimwona mara ya kwanza hapa Greyville."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na mzee akacheka kidogo kwa kunisindikiza. Halafu kicheko kikakatika, nikawa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya mume wangu ilitoka Kariakoo ikafika Durban! Miaka yote hiyo nimempa mgongo kitandani kwa ajili ya mwanamke aliyempikia pilau mwanamume mwingine. Na yeye alijua. Neno moja tu, "si mimi," lingeniponya. Akaona bora mimi niungue, jina libaki.

"Mbona hukusema siku ile ya kwanza?" nikamuuliza mzee.

"Maman, mwanaume iko na kitu moja tu hapa mugenini. Mi namunyang'anya ya nini?"

Nikalishona koti lake, na sikutaka malipo. Machano aliporudi nilimpakulia chakula kama kawaida. Nilikuwa natafuta siku yangu.

Siku ilikuja yenyewe, Jumamosi ile ile. Benchi limejaa, Gustave hajafika, na Gadiel anamsifu. Machano akashindwa kuvumilia. Akatoka nje na bisibisi yake. "Ninyi mnadanganywa mchana kweupe. Huyo mzee hajawahi kupiga Kiluvya Jazz. Angekuwa amepiga, si angenijua mimi? Jina langu wameliimba wao wenyewe! Mbona siku ya kwanza alinishika mkono kama mgeni?"

Nilisimamisha cherehani. Jamani, wivu unampofusha mtu! Alikuwa amechukua uongo wake na kuuweka mezani mwenyewe, akidhani ni karata.

"Basi sharp," Gadiel akasema. "Huyo anavuka robot pale, kwenye taa za barabarani. Tumuulize."

Papa Gustave alifika, akavua kofia, na kabla hajakaa Gadiel akamsimamia. "Mzee, kaka Machano anasema wewe ni tapeli. Anasema ungekuwa Kiluvya ungemjua. Tuambie mbele ya watu: Machano wa kwenye wimbo ndiye huyu au siye?"

Pacifique aliinamia simu. Nikamwona mume wangu anaelewa alichokifanya. Uso ulimshuka. Mzee akisema ndiye, amedanganya. Akisema siye, Machano wangu hana pa kuweka uso Durban nzima. Na akinyamaza, yeye ndiye tapeli. Mzee hakumtazama Machano. Alinitazama mimi.

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu Jumanne. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nimeyapanga. Halafu nikauona mkono ule wa Machano na bisibisi yake, mkono uliochomelea redio za watu usiku na mchana tukala, na nikaona haya. Lakini sikusamehe. Msidhani nilisamehe.

"Msimsumbue mzee," nikasema nikitoka nje. "Alipiga Kiluvya Jazz, na mimi ndiye shahidi. Jumanne alikaa hapa akanieleza habari zote za Machano na za Mwanaidi. Mpaka ampli ya kwanza ya bendi ilinunuliwaje. Mimi mwenye wivu nimeridhika. Ninyi nani msiridhike?"

"Eish, shemeji!" Gadiel akapiga kofi. "Kama wewe umeridhika, kesi imekwisha."

Wakacheka, wakarudi kwenye Simba na Yanga. Mume wangu hakucheka. Alinitazama, akajua kwamba najua, akaingia ndani.

Nilimkuta amekaa mbele ya meza yake, hana anachotengeneza.

"Kumbe umejua," akasema.

"Nimejua. Kwa nini hukuniambia, Baba Sultan? Uliniona ninavyoungua."

"Nilipoisikia kaseti ile mara ya kwanza nilifurahi tu, jina langu. Nikasema ni mimi kwa utani. Halafu wewe ukaona wivu." Akafuta meza kwa kiganja. "Hakuna mtu aliyewahi kunionea wivu, Amne. Wewe ulikuwa unaniangalia kama mtu anayeweza kuibwa. Ningekwambia si mimi, ningebaki fundi redio."

Nilirudi kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza sikujua nimkasirikie nani. Mwanaidi alikuwa ameondoka kichwani mwangu na mwanya wake na shingo yake, na mahali pake palikuwa patupu. Palikuwa panauma.

Jumatatu asubuhi amplifaya ya Gustave ilikuwa wazi juu ya meza. Spea iliyokuwa haipatikani ilikuwa ndani ya droo, chini ya kaseti.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja na gitaa. Vidole vilisita mwanzoni, akakosea, akacheka, akaanza upya. Halafu vikakumbuka. Watu wa ghorofani wakatoka kwenye veranda, Pacifique akafunga duka la simu. Alipiga wimbo ule ule, na magitaa yalipofika pale pa kuchanganya, ingawa gitaa lilikuwa moja tu, akainua kichwa.

"Orchestre haina deni," akasema huku anapiga. "Aliyetengeneza ampli lazima aitwe." Akavuta pumzi. "Machano! Machano wa Greyville, na..." Akanigeukia, akisubiri ruhusa. Mume wangu alisimama kando ya amplifaya yake, safari hii jina ni lake kweli, na macho yake yananiomba.

"Hapana, mzee," nikasema. "Anza na mimi."

Gustave alicheka bila kuachia nyuzi, akazunguka na gitaa, akarudi pale pale.

"Amne!" akaita, mpaka mtaa wa pili wakasikia. "Amne wa Greyville, na Machano wake!"

Benchi lilipiga kelele, Gadiel akapanda juu yake. Machano hakubisha, alipiga makofi pamoja na wenzake. Na mimi nilisimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, nikitamani kitu kimoja tu: Mwanaidi, popote alipo, awe amesikia.